Mvua za Machi hadi Mei: tunaotembea kando ya ziwa, tuutazame mlima



Juma hili safu yetu ya njia na hali ya hewa inafungua miezi mitatu mizito: Machi, Aprili na Mei. Dada zetu walio Ubelgiji na Ufaransa wanatuambia kwamba kule miezi hii ndiyo baridi inapoachia, na watu wanatoka kutembea kando ya bahari ili wafurahishe macho. Sisi pia tunatembea kando ya maji, ila na beseni kichwani na mtoto mgongoni, kwa sababu soko liko upande mwingine wa mto. Kwa hiyo habari ya hewa tunayoihitaji si ile ya kujua kama tutalowa. Kulowa tumezoea. Tunataka kujua kama mto utatuacha turudi nyumbani.

Tuanze na majira yenyewe. Kwetu mvua inaanza Septemba au Oktoba, inapumzika kidogo Januari na Februari katika miaka mingine, kisha inarudi kwa nguvu Machi, na kwa kawaida inakoma katika nusu ya mwisho ya Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Watu wengi wanasema Aprili ni mbaya kwa sababu mvua ni nyingi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba kufika Aprili udongo wa mlimani umekwisha kunywa maji kwa miezi sita. Umeshiba. Mvua ambayo Oktoba ingeingia ardhini, Aprili inateleza juu yake na kushuka yote mtoni. Mvua ni ileile, lakini mto unakuwa mwingine kabisa. Ndiyo maana mama anayesema "mwaka jana mwezi wa kumi nilivuka siku ya mvua kama hii" anapima kwa kipimo kisichofaa mwezi huu.

Mama mmoja muuza ndakala alituuliza: redio inaposema mvua za msimu huu zitakuwa "juu ya kawaida", afanye nini? Ni swali zuri, maana maneno hayo yanasikika kila mwaka na ni wachache wanaoyaeleza. Utabiri wa msimu unatolewa na idara za hali ya hewa, kwetu Mettelsat huko Kinshasa, na ng'ambo ya ziwa IGEBU ya Burundi, ambayo wengi wetu tunaisikia kupitia redio za Bujumbura. Wanaofanya kazi hiyo wanachukua miaka mingi iliyopita na kuigawa katika mafungu matatu: miaka ya mvua nyingi, miaka ya mvua ya katikati na miaka ya mvua kidogo. Kisha wanasema ni fungu lipi lina nafasi kubwa zaidi mwaka huu. Wakisema nafasi ya fungu la juu ni 45 kwa 100, maana yake ni kwamba bado kuna nafasi 55 kwa 100 ya kupata kitu kingine. Na hata wakipatia, hawajasema ni siku gani. Mvua ya msimu mzima inaweza kuwa ya kawaida kabisa na bado usiku mmoja ukabomoa daraja.

Kwa hiyo utabiri wa msimu tuutumie kwa mambo ya msimu: kupanda, kuchimba mifereji, kuhamisha mzigo wa biashara usikae karibu na maji. Kwa kutembea leo tunahitaji kitu kingine, na kitu hicho tunacho mbele ya macho yetu. Ni mlima.

Tazameni jinsi nchi yetu ilivyokaa. Ziwa liko kwenye meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya Uvira milima inapanda mpaka inapita meta 3,000, na kati ya mlima na maji kuna kipande chembamba cha tambarare. Ndipo tunapokaa, ndipo barabara inapopita, na ndipo mito yote inapomwagika. Asubuhi jua linapasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Ninyi mnaoanika nguo mnaujua upepo huo. Unapanda mlima ukiwa umebeba unyevu wa ziwa, unapoa kule juu, na kufikia saa sita au saa saba mchana mawingu yamekwisha kukaa kwenye vilele. Alasiri mvua inaanza kule juu, na huku chini sisi bado tunaanika mihogo juani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mama anasimama kwenye ukingo wa mto, anga ni ya buluu juu ya kichwa chake, maji yamefika kwenye kifundo cha mguu, anaona ni salama. Lakini maji yaliyomo mtoni hayakutoka kwenye anga iliyo juu ya kichwa chake. Yametoka mlimani, na mito yetu ni mifupi, mteremko ni mkali, maji hayachelewi njiani. Kabla ya kukanyaga maji tugeuke, tutazame juu. Kama vilele vimefunikwa na wingu jeusi, au kunasikika ngurumo upande huo, mto huo si ule tuliouacha asubuhi hata kama bado unafanana nao.

Usiku mambo yanageuka. Upepo unashuka kutoka mlimani kwenda ziwani, na dhoruba nyingi zinatokea juu ya maji. Wavuvi wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Lakini isidhaniwe kwamba usiku mlima unalala. Mvua iliyoiumiza Uvira usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 iliwakuta watu wamelala. Mulongwe ilitoka katika njia yake, makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na mitambo ya maji ya mji ikaguswa, mji ukakaa na shida ya maji safi katika nchi ambayo kipindupindu hakiko mbali. Na kule Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, tarehe 4 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Hatuhitaji kuwaeleza ni nani wanaojaa sokoni siku ya soko.

Sasa mto wenyewe. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Hicho hakifiki hata katikati ya muundi. Sentimeta 30 zinaweza kubeba gari dogo, na 60 zinachukua hata magari makubwa, kwa hiyo mwenye pikipiki anayesema "panda mama, nitakuvusha" anaahidi kitu asichokuwa nacho. Mto unaokuja kujaa unatoa dalili. Maji yanabadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Vijiti, majani na povu vinaanza kupita. Mawe yanasikika yakigongana chini, sauti kama ngoma ya mbali. Na kuna dalili moja ambayo watu wanaikosea kwa sababu inaonekana kama habari njema: mto unapungua ghafla wakati mvua inanyesha mlimani. Msifurahi. Huenda udongo umeporomoka juu na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Yakipasua kizuizi hicho yatashuka yote kwa pamoja pamoja na miti na mawe. Ondokeni mtoni, pandeni mahali pa juu, msifuate bonde.

Kuhusu mtoto mgongoni tuseme wazi. Mtoto aliyefungwa kwa kikwembe anakaa vizuri kwa kutembea, lakini mama akianguka majini, kichwa cha mtoto kinaweza kuingia majini kabla ya kichwa chake mwenyewe, na fundo lililolowa halifunguki upesi. Hakuna namna nzuri ya kumvusha mtoto katika mto uliojaa. Kufunga mkanda wa pili si dawa, kushikana mikono si dawa. Mama mwenye mtoto hasubiri kuona wengine wanavyovuka, anarudi.

Radi nayo ina hesabu yake. Wanasayansi waliohesabu radi kwa setelaiti, wakatoa matokeo yao mwaka 2016, walikuta kwamba mahali panapopigwa zaidi katika Afrika yote ni Kabare, hapa hapa Kivu Kusini. Hatukuletewa radi na jirani, wala na mama mkwe, wala na mjane anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Tumekaa kati ya maziwa yanayotoa unyevu na milima inayoupandisha, na ndiyo kiwanda cha radi. Tunayasema haya kwa sababu kila mwaka wa radi nyingi kuna mwanamke mzee anayenyooshewa kidole, na vikundi vyetu vina wajibu wa kusimama upande wake mapema, kabla maneno hayajawa mawe.

Kwa anayetembea: ukiona mwanga, hesabu polepole moja, mbili, tatu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja hivi. Ikiwa hufiki 30, dhoruba iko chini ya kilometa 10 nawe, imekwisha kukufikia. Toka kwenye ufuko wazi, toka majini, usisimame chini ya mti mmoja uliobaki peke yake shambani, teremsha beseni kichwani. Ingia nyumba yenye kuta, au gari lililofungwa. Kibanda cha soko chenye nguzo nne na bati kinazuia mvua tu, hakizuii radi. Baada ya ngurumo ya mwisho ngoja dakika 30 kabla ya kuendelea. Tunajua dakika 30 ni ndefu mtu akiwa na sombe inayonyauka.

Ziwa lenyewe pia lina majira. Linapokea mvua ya miezi yote hiyo, na maji yake yanakuwa juu zaidi kufikia Mei, halafu yanashuka wakati wa kiangazi. Mto mmoja tu unatoka humo, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi zaidi yanaondoka kwa kupanda hewani na jua. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda kuliko tulivyozoea, likaingia kwenye nyumba na viwanja kuanzia Uvira mpaka pwani za kusini, na kule Burundi vilevile. Njia za mchanga tulizozipita zamani sehemu nyingine zimekwenda. Anayefuata ufuko miezi hii atajikuta anabanwa kati ya mawimbi na kuta, na pale mto unapoingia ziwani mchanga ni laini na unahama. Ni afadhali barabara, hata kama ina matope na malori yake. Tena maji yakipanda, viboko na mamba wanasogea pamoja nayo. Kiboko anatoka kula majani usiku na kurudi majini alfajiri, na hapendi kumkuta mtu kati yake na ziwa. Tungojee mwanga kabla ya kutoka, hata kama tajiri wa ndakala anataka tuwe wa kwanza.

Vitu vya kubeba ni vichache: plastiki kubwa ya kufunika mzigo na mtoto, maji yaliyochemshwa kwenye chupa, simu ndani ya mfuko uliofungwa, na viatu vinavyoshika mguu. Kambambili ni za nyumbani. Kwenye matope zinabaki nyuma na wewe unakwenda mbele bila hizo.

Lakini tukiwa wakweli, wamama wengi wanayajua haya yote, na bado wanavuka. Tumewasikiliza katika vikundi, na sababu haikuwa ujinga wa mto hata mara moja. Ushauri wa hewa unasema: toka kukipambazuka, uza, uwe umerudi ng'ambo yako kabla ya saa saba au saa nane mchana. Soko linasema kinyume. Wanunuzi wanakuja jioni, baada ya kupata pesa za kazi ya siku. Mama anayeondoka saa sita anarudi na nusu ya mzigo wake. Anayengoja mpaka saa kumi na moja anauza, halafu anakuta mto umejaa. Mbele yake mto, nyuma yake giza, mfukoni pesa, na nyumbani mtoto anayenyonya.

Na kuna mambo mawili yanayomsukuma aingie majini. La kwanza ni swali atakalokutana nalo asubuhi: ulilala wapi? Kuna wanaume wenye kuelewa, na tunawashukuru. Kuna wengine ambao kwao mwanamke aliyelala nje ana kosa hata mto ukitoa ushahidi. Mama anapima mto na anampima mume, na mara nyingine anaona mto ni afadhali. Swali hili halijibiwi usiku ule kwenye ukingo. Linajibiwa sasa, mchana kweupe, wazee na waume wakiwepo. Tunaomba kila kikundi kichague nyumba mbili kila upande wa mto wake, nyumba za wanachama wanaojulikana, za kulaza wenzao mvua ikiwazuia. Majina ya nyumba hizo yatajwe mbele ya waume kwenye mkutano wa wazi, mume wa kila mmoja aseme amesikia, na mwenye nyumba apige simu usiku uleule: mkeo yuko kwangu, amekula, atavuka asubuhi. Mlete viongozi wa makanisa na wa msikiti, na mkuu wa avenue. Vikundi viwili vya Makobola vimekwisha kuanza, na jambo lilikuwa jepesi kuliko walivyoogopa, kwa sababu wanaume wengi nao walikuwa na hofu ya mto ila hawakuwa na mahali pa kuisema.

La pili ni faini. Likelemba nyingi zina faini kwa anayechelewa kuleta sehemu yake, na sheria hiyo ni nzuri, bila hiyo hakuna kitu kingesimama. Lakini kutoka Machi mpaka mwisho wa Mei tunaona isihesabiwe kwa mwanachama aliyezuiwa na mto. Tunajua mtakavyojibu: kila mtu atasema alizuiwa na mto, hata anayekaa mtaa huuhuu. Basi ashuhudie mwenye nyumba aliyemlaza, au mwanachama mwingine wa ng'ambo kwa simu, siku ileile, si kesho yake. Atakayedanganya alipe mara mbili. Kikundi kimoja kilituuliza kama hiyo haiwezi kuvunja mfuko. Mwanachama akilipa siku mbili baadaye mfuko unatikisika. Akichukuliwa na maji, mfuko unazika, na watoto wake wanakuwa wa kikundi.

Jambo la mwisho ni simu za mlimani. Wengi wetu tuna marafiki wanaoshuka na maharagwe na viazi kutoka juu. Wao wanaiona mvua kabla yetu. Kila kikundi kipate mama mmoja au wawili huko juu ambao, mvua kubwa ikianza, watapiga mlio mmoja bila kusema neno, na wa huku chini ataelewa na kupitisha habari sokoni. Mtandao haupatikani kila kijiji, na mara nyingine unakatika mvua ikianza, kwa hiyo simu isipolia haina maana kwamba kule juu ni shwari. Mlio ni onyo; ukimya si ruhusa. Wanachama wachangie franga za mikopo ya simu za mama hao, na wanaposhuka wapate punguzo la ndakala. Hawatufanyii kazi ya bure.

Vikundi vilivyokwisha kuchagua nyumba zao vitume habari kwa mwandishi wa mtaa kabla ya Jumamosi, jina la mto na idadi ya nyumba kila upande, bila majina ya wenye nyumba. Tutachapa orodha ya mito ili anayetoka mbali ajue ni wapi aulize. Juma lijalo tutazungumza juu ya kukausha ndakala wakati jua halitoki siku tatu mfululizo, jambo ambalo wamama wa Mboko wameahidi kutufundisha.